Utukufu wa Maji ya Ngama

Watu husifu marashi, wengine kahawa. Mimi nayasifu maji ya ngama: yale meusi yanayojikusanya chini kabisa ya meli, mchanganyiko wa dizeli iliyovuja, grisi, kutu na sabuni ya kuoshea sakafu. Jahazini hayana hadhi. Baharia huyafua kwa kopo huku anapiga soga. Lakini teremka chumba cha injini cha meli ya mizigo uone yanavyoenziwa.

Yana kitabu chao, kwanza. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, MARPOL, unaitaka kila meli ya tani 400 kwenda juu itunze daftari la mafuta. Yakihamishwa au yakimwagwa, huandikwa tarehe, kiasi na mahali. Ofisa husaini, ukurasa ukijaa nahodha naye husaini, na daftari hukaa melini miaka 3. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja, kosa lisomeke, kisha unasaini tena. Mtoto wa binadamu hupata cheti kimoja cha kuzaliwa, basi.

Wala hayatoki nje ovyo. Hupita kwanza kwenye mtambo wa kuyatenga na mafuta, na mita ikisoma zaidi ya sehemu 15 katika milioni, hurudishwa ndani kama bi harusi aliyeambiwa bado hajapambika.

Wamarekani ndio waliovuka mipaka ya mapenzi. Kibali chao cha umwagaji cha mwaka 2013 kilitambua aina 27 za majimaji ya meli, na wakaingizwa hata ndugu wa mbali: maji ya chumba cha mnyororo wa nanga, matone ya kiyoyozi. Angalau mara moja kwa wiki mtu azunguke melini akikagua, kisha aandike. Sisi tunaowasaidia wenye meli kutimiza masharti hayo tunakula kwa jasho la mabomba, na hatuoni haya.

Na ole wake anayeyadhulumu. Meli ya kigeni ikimwaga uchafu bahari kuu, mahakama za Marekani kwa kawaida haziufikii mmwago wenyewe; lakini ikitia nanga huko na daftari la uongo, imenasa. Waongo huwa na ufundi: bomba la pembeni la kuukwepa mtambo, na maji safi ya bahari kuidanganya mita. Mwaka 2013 mhandisi mgeni kazini katika meli ya Caribbean Princess aliona bomba kama hilo, akashuka Southampton na kuripoti. Mwaka 2016 kampuni yenye meli hiyo, Princess Cruises, ilikubali makosa na faini ya dola milioni 40. Mahakama ikaagiza mhandisi yule apewe dola milioni 1. Maji hayo hakuyachota, hakuyafua, aliyataja tu.