Hongera, Fundi wa Ukuta wa Moto

Tumpongeze fundi wetu. Ijumaa jioni, akiwa sebuleni kwake Dar es Salaam, alifuta kanuni zote za ukuta wa moto wa seva kwa iptables -F, huku sera ya msingi ikiwa DROP. Usalama ukapatikana papo hapo: hakuingia mdukuzi, hakuingia mteja, hakuingia hata yeye. Ulinzi wa namna hiyo benki hawana. Wapo waoga wanaotumia iptables-apply, inayokuuliza kama bado umo, na usipojibu inarudisha kanuni za zamani. Wengine hupakia faili zima kwa nft -f. Kukiwa na kosa moja, hakibadiliki kitu. Wasiojiamini hao! Bingwa hahitaji nakala. Anahitaji nauli tu, ndugu wasomaji, mchangieni: seva iko Mwanza.