Kioo cha Metali Kisichovunjika, Angalau kwenye Karatasi

Umeamua kutengeneza kioo cha metali, tena chepesi, tena chenye nguvu, tena kinachokubali kukunjwa. Hongera. Tamaa hiyo imewapatia watu shahada za uzamivu tangu miaka ya 1990, na bado haijaisha.

Anza na kuchagua elementi. Akihisa Inoue wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, ameacha kanuni tatu: chukua elementi tatu au zaidi, atomu zake zitofautiane ukubwa kwa asilimia 12 hivi kwenda juu, na ziwe zinavutana zinapochanganyika. Lengo ni atomu zigande kabla hazijapata nafasi ya kujipanga safu safu kuwa fuwele. Zamani ilikuwa shughuli. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake huko Caltech, Marekani, walipoza dhahabu na silikoni kwa kasi ya karibu digrii milioni moja kwa sekunde, wakaambulia kikwangu chembamba. Mwaka 1993, hapo hapo Caltech, Peker na Johnson wakatoa Vitreloy 1, ambayo inaridhika na digrii moja hivi kwa sekunde. Ina zirikoni, titani, shaba, nikeli na beriliamu. Vumbi la beriliamu huharibu mapafu, lakini mapafu hayaandikwi kwenye jedwali la matokeo.

Zirikoni ni nzito, nawe umeahidi wepesi, kwa hiyo hamia kwenye magnesi, gramu 1.74 tu kwa sentimita ya ujazo. Mchanganyiko maarufu ni wa atomu 65 za magnesi, 25 za shaba na 10 za itriamu. Uite "aloi ya magnesi" bila haya. Mtu akiuweka kwenye mizani atagundua kwamba magnesi haifiki asilimia 40 ya uzito wote, na kwamba shaba inalingana nayo. Usimpe mizani.

Sasa yeyusha. Hapa mwanafunzi mpya hujulikana mara moja: anatia vyote kwenye chungu kimoja na kupandisha moto. Itriamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,522, magnesi huchemka karibu nyuzi 1,090. Kabla itriamu haijalainika, magnesi imeshapaa na kwenda kupaka kuta za tanuri. Mwenye akili huyeyusha shaba na itriamu kwanza, ndani ya agoni, akishapata donge lao ndipo huongeza magnesi kwa moto wa kiasi, kisha humimina kwenye kalibu ya shaba. Kinachotoka ni kifimbo chembamba kinachong'aa bila kung'arishwa. Kipige picha upesi.

Upesi, kwa sababu kinachofuata ni kukigandamiza. Kitabeba megapaskali 800 hivi, zaidi ya mara mbili ya aloi za kawaida za magnesi, halafu kitalipuka vipande vipande. Ugumu wake wa kuzuia ufa usienee unakaribia ule wa kioo cha dirishani. Katika metali ya kawaida safu za fuwele huteleza kidogo hapa, kidogo pale, na mzigo ukagawanyika. Kioo hakina safu. Mteleko wote hujikusanya kwenye ukanda mmoja wenye unene wa makumi ya nanomita, ukanda unalainika, unakimbia hadi upande wa pili bila wa kuuzuia, na kazi yako imekwisha.

Usikate tamaa; unyumbufu unapatikana, na njia ya bei nafuu kuliko zote ni msumeno. Sampuli ya kugandamiza inatakiwa iwe na urefu mara mbili ya kipenyo chake. Wewe kata iwe na urefu sawa na kipenyo. Ukanda wa mteleko utagonga bamba la mashine kabla haujapenya, nawe utaripoti unyumbufu wa kupendeza. Ukiweza, kata ncha moja upande. Hilo nalo husaidia sana. Punguza na kipenyo pia, kwani kidogo hunyumbuka kuliko kikubwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia kwamba na sampuli yake ni hivyo hivyo. Zaidi ya yote, usithubutu kuivuta. Kwenye kugandamiza kila kioo kina matumaini, kwenye kuvuta huumbuka.

Kuna na njia ndefu, kwa wasiopenda raha. Baada ya miaka 40 ya kupambana na fuwele, kundi la Johnson mwaka 2000 lilizirudisha kwa makusudi: fuwele laini zenye matawi, zikiota ndani ya kioo chenyewe wakati kinapoa, ili kila ukanda unaokimbia ukwame. Mwaka 2008 Douglas Hofmann na wenzake walifanya hivyo kwa aloi za titani zenye uzito wa gramu tano hivi kwa sentimita ya ujazo, wakapima ukubwa wa matawi na umbali kati yao, kisha wakafanya lile tusilopenda: wakavuta. Zilirefuka zaidi ya asilimia 5 kabla ya kukatika. Kwenye magnesi, wengine wametia chembe za chuma au za titani kwa kazi hiyo hiyo. Wapo pia wanaochovya kioo kwenye naitrojeni ya kimiminika na kukitoa, mara nyingi, kukirudishia ujana. Tangu 2015 hilo linafahamika na linafanya kazi, ingawa kwa kioo kilichozaliwa dhaifu usilitegemee sana.

Nawe msomaji, ukiletewa ripoti ya kioo chepesi kilichonyumbuka asilimia 20, ruka sifa, tafuta urefu na kipenyo cha sampuli. Kama havikuandikwa, mrudishie mwenyewe ripoti yake.