Globu ya Shilingi Elfu Moja

Mimi nilitaka globu moja tu. Nalisema mapema, maana nyumbani kwangu hakuna anayeliamini tena.

Iliungua ile taa ya ndani ya gari, ya juu, inayowaka ukifungua mlango ili uone umekalia nini. Nikaenda kwa fundi umeme wangu Tabata, chini ya mwarobaini, na noti ya elfu mbili mfukoni na matumaini ya kurudishiwa chenji. Fundi akaitazama globu, akanitazama mimi, akalitazama gari. Akasikitika kama amepata habari za msiba.

"Bosi, chombo kama hiki unakiwekea globu za uzi? Weka LED. Zote, ndani na nje."

Hapa lazima nikiri kitu. Chombo chenyewe ni Altezza ya mwaka 2001, gia sita za mkono, nguvu ya farasi 210. Wanaume wa rika langu huendesha magari yenye nafasi ya kubeba magunia na shangazi. Mimi nina gari ambalo wakwe zangu hawawezi kutoka kwenye kiti cha nyuma bila kuvutwa. Neno altezza kwa Kiitaliano ni kimo, na ndilo pia wanalowaitia wana wa wafalme. Gari lilipotoka Japani mwaka 1998, kilichowapagawisha watu ni taa zake za nyuma, zile duara nyekundu ndani ya kioo cheupe. Huko Marekani, ambako hata jina lake lilibadilishwa likauzwa kama Lexus IS, vijana walibandika taa za kuigiza kwenye magari ya kila namna na kuziita taa za Altezza. Kwa hiyo mimi nilikuwa na zile zenyewe, zinazoigwa na wenzangu ng'ambo ya bahari. Nikakubali kuziboresha.

Fundi alikuwa na hoja, simnyimi haki yake. Alisema LED hula umeme kidogo, jambo ambalo ni kweli. Alisema uzi wa globu ya zamani huhitaji kama sekunde 0.2 kupata moto na kuwaka sawasawa, wakati LED huwaka papo hapo; kwa hiyo ukikanyaga breki ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, wa nyuma yako anapata onyo mita tano na ushei mapema. Nikavutiwa sana. Nilikumbuka baadaye kwamba mimi hupita Barabara ya Mandela, ambako kilomita 100 kwa saa hufikiwa na king'ora cha msafara peke yake.

Basi nikaenda Gerezani kununua. Nilirudi na mfuko mzima. Fundi akapachika ya kwanza, ile ya ndani iliyoanzisha yote. Haikuwaka. Nikachukua bajaji kurudi dukani na hasira zangu zote, nikamwambia muuzaji maneno ambayo nisingependa watoto wangu wayasikie. Yule kijana akaichukua, akaichomeka kwenye kipimio chake, kimya. Akaitoa, akaigeuza, akaichomeka tena. Ikawaka. LED ina chanya na hasi, ukiigeuza kichwa chini inanuna. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi, elfu kumi na mbili.

Hadi saa kumi na moja jioni zilikuwa zimeshatolewa globu za zamani ishirini na mbili. Sikutaka zipotee. Nikapapasa chini ya kiti nikakuta soksi moja ya shule ya binti yangu mdogo, nyeupe yenye mistari miwili ya kijani. Nikazitia humo, nikafunga fundo, nikaiweka kwenye meza ya fundi. Nikaisahau hapohapo, maana gari lilikuwa limewashwa taa na mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa.

Lilikuwa linang'aa kama duka la dawa.

Mke wangu ndiye abiria wa kwanza. Alifungua mlango, taa ya ndani ikamwakia, akarudi nyuma hatua moja. "Baba watoto, humu wanapasua watu?" Alijaribu kujipaka wanja kwenye kioo cha juu, akakata tamaa, akasema kwa mwanga ule hata bibi harusi angeonekana ametoka mochwari. Nikamweleza kwamba mwanga huo ni kelvini 6000. Akaniuliza kama duka lina kelvini za binadamu.

Tukaingia barabarani. Nikawasha indiketa kukata kulia, ikaanza kupepesa mbiombio kama moyo wa kuku aliyeona kisu. Bodaboda mmoja akanipungia mkono akidhani nakimbiza mgonjwa. Kesho yake fundi akanieleza, bila haya hata kidogo, kwamba hilo ni la kawaida. Rilei ya indiketa ilizoea kupitisha umeme wa globu za wati 21. Sasa inapitisha kidogo mno, inadhani globu imeungua, inapepesa haraka kumshtua dereva. Yaani gari lilikuwa linanipa taarifa kwamba nimeibiwa.

"Dawa yake rizista, mzee."

Nikauliza rizista inafanya nini. Naomba usome jibu hili taratibu, mimi nililisikiliza mara tatu. Rizista ni kidude unachokiunga sambamba na LED ili ule umeme ambao LED imekataa kuula, kiugeuze kuwa joto, rilei ipate kuridhika. Nimenunua taa za kubana umeme, halafu nimenunua kifaa cha kuuchoma umeme niliobana. Vinne, kimoja kila pembe ya gari. Vikafungwa kwa gundi ya kubandika. Jumapili nilikaa kwenye foleni ya kutoka ufukweni na indiketa imewashwa muda mrefu, tukaanza kusikia harufu ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Kile cha nyuma kushoto kilikuwa kimeyeyusha bitana ya buti, na ndala za mke wangu zilizokuwa zimeegemea hapo. Ndala zilikuwa mpya. Fundi akasema, ah, kumbe kuna rilei ya kielektroniki inayomaliza tatizo lote bila rizista. Sikumuuliza kwa nini hakuisema mwanzo. Kuna maswali ukiyauliza unapoteza fundi.

Halafu zile taa za nyuma. Fahari yangu! Jirani yangu aliyekuwa nyuma yangu siku nzima ya kwanza alinipigia kupongeza: "Umezipaka waridi? Shemeji ndiye aliyechagua?" Usiku nikalirudisha gari nyuma hadi ukutani, nikakanyaga breki. Kweli, waridi, tena hafifu. Mwanangu wa kidato cha tatu, ambaye hajawahi kujua ufunguo wa geti uko wapi lakini haya anayajua, akanifundisha kwamba LED nyeupe kwa kweli ni ya bluu iliyopakwa unga wa manjano. Nyekundu ndani yake ni kidogo, na kioo chekundu hupitisha zaidi nyekundu. Nyuma ya kioo chekundu unaweka LED nyekundu. Akaongeza kwamba hiyo LED ya bluu iliwapa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura, wote wazaliwa wa Japani. Nikamwambia sawa, mwanangu, lakini wahandisi wa Japani walioliunda gari hili waliacha humo globu za uzi, na baba yako alijiona anajua kuliko wao.

Juu ya taa za mbele nisiseme sana. Kibakuli cha taa kimepimwa kwa ajili ya uzi mdogo uliokaa mahali pake kamili. Ukiweka kitu chenye umbo jingine, mwanga unatawanyika hovyo. Barabara yenyewe sikuiona vizuri zaidi. Walioniona ni wengine. Kila daladala iliyotoka mbele yangu ilinimulika kwa kisasi, na trafiki mmoja pale Buguruni aliniuliza kwa upole wa kutisha kama nina kibali cha vimulimuli.

Lililoniuma hasa ni redio. Nikiwasha taa za mbele, FM inaanza kukoroma, kwa sababu kisanduku cha kuendeshea LED hutoa kelele zake kwenye mawimbi. Siku ya Simba na Yanga, mechi ya usiku, nilikuwa na chaguo moja kati ya mawili: kuona njia au kusikia mpira. Nikasikiliza kipindi cha pili chote nimeegesha nje ya kituo cha mafuta, taa zimezimwa, kama mtu anayevizia. Mlinzi alinizunguka mara mbili.

Na walinzi ndio walionimaliza. Saa nane usiku nikagongewa geti na mlinzi wa mtaa. "Mzee, amka taratibu. Kuna mtu kwenye gari lako, anachati." Tulitoka na panga na tochi. Hakukuwa na mtu. Ni ile taa ya juu. Unaizima, lakini kuna chembe ya umeme inayovuja kwenye waya, ambayo isingeweza hata kupasha moto uzi wa globu ya zamani. LED inatosheka nayo, inabaki na mwanga wa buluu kama simu usoni pa mtu. Mlinzi alirudi na taarifa hiyohiyo usiku wa pili. Usiku wa tatu nikachomoa betri.

Asubuhi nikaenda Tabata, nikamwambia fundi: rudisha kila kitu kama ulivyokikuta. Globu za uzi. Za Kijapani, zilezile.

Fundi akavuta pumzi. "Bosi, hizo oriji sasa hivi adimu sana. Watu wote wamehamia LED. Labda nikutafutie, lakini haitapungua elfu arobaini." Nikasema tafuta. Akaingia kibandani, akapekuapekua, akatoka na soksi nyeupe yenye mistari miwili ya kijani.

Nikalipa. Tukazihesabu mezani, zilikuwa ishirini na mbili, pamoja na ile iliyoungua, nayo nilitozwa. Soksi nilidai bure. Mtoto anaihitaji Jumatatu.