Farumi

"Tisini na nne!"

Dada wa kaunta hakunong'ona. Alitangaza kama anayenadi samaki Feri, na kijana mwenye kalamu akarudia kwa sauti ili asikosee kuandika. Foleni nzima ya ndege ya kwenda Mafia ikanyamaza. Kwenye fomu nilijaza kilo 78, ambazo ni za kweli kabisa, ila za siku ya harusi yangu.

"Kaka, mbona hapa uliandika sabini na nane?"

Nikasingizia viatu. Nikavivua, nikatoa simu, funguo na sarafu, nikapanda tena mizani na soksi yenye tundu. Tisini na tatu. Mzee mmoja akanipa pole, kama nimefiwa.

Nikadhani yamekwisha, kumbe namba ile ndiyo kwanza inaanza kazi. Nilikuwa nimeomba dirisha la nyuma, upande wa kulia, niitazame delta ya Rufiji kwa raha. Kijana akaangalia karatasi yake, akanitazama tumbo, akaniandika mbele, kushoto.

Baadaye nilimbana anieleze, na nakiri maelezo yalinikolea hadi nikasahau kukasirika. Kindege kile, Cessna Caravan, kina injini moja puani, na kikiruka, chenyewe, mafuta, watu na vikapu vyao, hakifiki hata tani 4. Lakini jumla ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni uzito umekaa wapi, maana kila kilo huzidishwa kwa umbali wake. Ndiyo maana mtoto aliyekaa ncha ya bembea ya ubao humwinua kaka yake aliyekaa karibu na kati. Mkia ukilemewa, pua huinuka kupita kiasi na mabawa huacha kubeba. Pua ikilemewa, haiinuki. Jua likiwa kali hewa hupungua uzito, na kilo zilizokubaliwa asubuhi huweza kukataliwa mchana. Hata kikiwa kimesimama hakiaminiki: mlango wa abiria uko nyuma, kwa hiyo wakati wa kupanda huwekewa mhimili chini ya mkia, kisije kikakaa kitako kama punda aliyegoma.

Manahodha wa majahazi wanayajua haya tangu zamani. Chombo kikiwa kitupu hujazwa mawe au mchanga tumboni kisipinduke, na mzigo huo una jina lake: farumi. Nilikata tiketi ya abiria, nikasafirishwa kama farumi.

Hilo nalimeza. Lisilomezeka ni la mama wa Jibondo aliyepimwa baada yangu. Kilo 49. Alikuwa anatoka hospitali, na ndugu walichangishana nauli ili mawimbi ya boti ya Nyamisati yasije yakatonesha mshono. Kikapu chake chenye mchele kilikuwa na kilo 19, na ruhusa ni 15. Alipe au apunguze. Mimi na begi langu tulikuwa kilo 99. Yeye na kikapu chake, 68. Ndege haitofautishi mchele na kitambi, ila kaunta inatofautisha, na mchele ndio unaotozwa. Hesabu ile waliyokuja kunisomea mimi kwa ufasaha, kwake hakuna aliyeikumbuka. Akafungua kikapu pale pale sakafuni, akaanza kuchagua cha kuacha. Nami nilikuwa bado natafuta kiatu changu cha kushoto, na sikusema neno.

Tukaruka. Nusu saa hivi. Walioketi kulia waliiona Rufiji ikijigawa kama mizizi katikati ya mikoko, maji ya tope yakiingia kwenye bahari ya buluu. Najua kwa sababu walikuwa wakipiga mayowe. Mama wa Jibondo alikuwa upande huo huo, kafumba macho. Dirishani kwangu palikuwa na mhimili wa bawa na tairi. Ndege ilipoinama kushoto kuelekea Kilindoni nilikiona kisiwa: minazi juu ya tairi, mchanga mweupe chini ya tairi, ngalawa mbili zikitokea nyuma ya tairi.

Wakati wa kutua nilitapika kwenye kofia.

Jioni nikamtumia mke wangu picha zote 41 nilizopiga dirishani. Akajibu akiuliza kwani Mafia siku hizi watu wanakwenda kwa lori.