Mwembe wa Ujiji

Mwembe wa Ujiji, jirani na Kigoma, ulijipatia jina kwa kivuli chake. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alimkuta hapo mmisionari Livingstone aliyesemekana kapotea, ingawa watu wa Ujiji walikuwa wakipishana naye sokoni. Mwembe wenyewe ulishakufa zamani. Mgeni huoneshwa mnara wa mawe na miembe inayosemwa kuwa ni vizazi vyake. Ndani ya makumbusho ya hapo zimesimama sanamu za Wazungu hao wawili, kofia mkononi, hazijamaliza kusalimiana. Wapagazi waliombebea Stanley mizigo kutoka Bagamoyo hawakuachiwa hata tawi. Kiingilio hulipwa kwanza: kivuli alichokipata Stanley bure, siku hizi kina stakabadhi.