Namna ya Kumshinda Mtoto kwa Hoja Bila Kuwa na Hoja

Mzazi mwenzangu, mwalimu mwenzangu, sogea karibu na jiko, baridi ya Iringa haina utani, tuongee ya watu wazima. Una mtoto anayeuliza "kwa nini?" kutwa nzima. Majibu huna, wala si lazima uwe nayo. La msingi ni yeye asijue. Fuata hatua hizi.

1. Miaka minne hadi sita: tumia bilauri

Mwanasaikolojia mmoja Mswisi, Jean Piaget, alimimina sana maji mbele ya watoto ili sisi tupate raha. Chukua juisi kwenye bilauri fupi na pana, ihamishie kwenye bilauri ndefu na nyembamba mtoto akiona. Atashangilia: imeongezeka! Hujaongeza tone, na umeshukuriwa. Ugali nao ukate vipande vinne, atakuona mkarimu.

Ila ujanja huu una tarehe ya kuharibika. Karibu na miaka saba atakuambia, "Lakini baba, hii ni nyembamba." Siku hiyo ficha bilauri.

2. Miaka saba hadi kumi na moja: mnyang'anye vizibo

Umri huu mtoto hufikiri vizuri kwa kitu anachokishika. Mpe vizibo 24 vya soda awagawie wenzake wanne, atamaliza kabla hujapata miwani yako. Kwa hiyo ondoa vizibo, mahindi na mawe. Andika ubaoni, sema "nakili", toka nje upokee simu. Ukirudi uliza, "Tumeelewana?" Waitikie wote, "Ndiyooo!" Darasa likiitikia kwa pamoja hakuna atakayejua nani ameelewa, hata wewe.

3. Kumi na mbili na kuendelea: hapa ndipo penye hatari

Sasa kijana anaanza kufikiria mambo ambayo hayapo. "Tuseme mama, ingekuwa hivi, je?" Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder waliwapa watoto uzi na kitu cha kuning'iniza, wakawauliza: kinachoamua muda wa kubembea kwenda na kurudi ni urefu wa uzi, uzito, au nguvu ya kusukuma? Wadogo walibadilisha vyote kwa mkupuo wakachanganyikiwa. Wakubwa walibadilisha kimoja, vingine wakaviacha vilevile, wakagundua ni urefu wa uzi.

Unaona balaa lake? Kijana wa hivyo hafai kuishi na baba mwenye siri. Atakaa mezani, atakuhesabia kwa upole: "Jumatatu mvua ilinyesha, ulipitia kilabuni, ukachelewa. Jumanne jua liliwaka, ulipitia kilabuni, ukachelewa. Jumatano mvua ilinyesha, hukupitia kilabuni, ukawahi. Baba, mvua haihusiki."

Usijibu. Muulize amepata ngapi kwenye Kiingereza.

Na hapo mfumo wenyewe wa elimu uko upande wako. Katika umri huuhuu anaingia kidato cha kwanza, na masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi yanageuka kuwa ya Kiingereza, kama vile mtu amezima taa. Ile "tuseme" yake inamkwama kooni akitafuta neno. Wewe mwite mpole.

4. Hoja ibaki ubaoni, isifike kilabuni

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London aliandika juu ya jaribio la kadi nne. Hebu tulicheze kwa kadi A, K, 4 na 7. Sharti: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze zipi kuhakikisha? Watu wazima wengi, wasomi kabisa, hugeuza A peke yake, au A na 4. Jibu ni A na 7. Kama nawe umekosa, nyamaza tu, uko kwenye kundi kubwa.

Sasa lihamishe swali kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Sharti: anayekunywa ulanzi awe ametimiza miaka 18. Wako wanne: mmoja ana kikombe cha ulanzi, mmoja ana soda, mmoja ni babu mwenye mvi, mmoja ni kijana aliyevaa sare za shule. Utamkagua nani? Hata mwanafunzi wa mwisho darasani atakwenda kwa mwenye ulanzi kumuuliza umri, kisha kwa mwenye sare kunusa kikombe chake. Hoja ni ileile! Kwa hiyo fundisha kwa kadi daima. Ukitumia ulanzi wataelewa, na wakielewa watauliza la pili.

5. Yakishindikana yote, mcheke

Hii ni dawa kali, na Iringa ina historia nayo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji akaingiza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake usiochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akaja kusoma Mkwawa, hapahapa kwetu, pale palipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu leo. Akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likaipenda hiyo. Kila alipokosea hesabu, zikawa hesabu za Mpemba. Kazi safi, mwalimu!

Lakini kulikuwa na uzembe. Kijana aliachwa aingie maabara ya baiolojia na vyombo viwili, maji ya moto na maji ya bomba, akajaribu mwenyewe kwenye friji. Kisha Dakta Denis Osborne akaja kutoa mhadhara kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara, mtu wa damu yetu kabisa, alipoona maji ya moto yametangulia kuganda aliahidi kurudia hadi jibu sahihi lipatikane. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala, na jambo lile dunia nzima likapewa jina la mwanafunzi.

Kinachouma ni kwamba wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo. Watafiti wa Uingereza walilipima upya mwaka 2016 wakasema hawakuliona. Huenda yule mwalimu alikuwa sahihi! Sifa hapati, kwa sababu hakufungua friji.

Kwa hiyo, mgeni wa chuo kikuu akitangazwa, yule mwenye maswali apangiwe zamu ya jikoni. Na funguo za maabara, lala nazo chini ya mto.