Namna ya Kumlinda Bwana Aliyekusahau

Wewe mbwa unayeitaka kazi ya shamba, mwalimu wako ni Bitzer wa Shaun the Sheep Movie, filamu ya mwaka 2015 kutoka studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza. Vaa kofia ya sufu na saa mkononi kama yeye. Ratiba ya kutwa iko juu yako, kondoo hawaiheshimu.

Saa za kazi, usipokee mfupa kutoka kwa bata. Bitzer alinaswa hivyo. Nyuma yake kondoo wakaruka ua mmoja mmoja hadi bwana akasinzia kwa kuwahesabu, wakamlaza ndani ya nyumba ya magurudumu. Ikaserereka naye hadi mjini.

Hapo usingoje amri, kimbia. Ukifika hospitali wakakudhania daktari wa upasuaji, vaa joho lao, ila usikitazame kiunzi cha mifupa kilichosimama pembeni. Mafunzo yote huporomokea hapo.

Sasa sehemu ngumu. Bwana amepigwa kichwani, kumbukumbu zimemtoka, na amekuwa kinyozi wa mastaa kwa sababu mikono yake bado inanyoa kichwa cha mtu kama inavyonyoa kondoo. Ukimkuta hakujui, usimbwekee. Mikono imelikumbuka shamba, na wewe ni wa shamba. Mfuate, hata kama utafungiwa pamoja na wanyama waliokamatwa mitaani.

Maneno hutayahitaji. Filamu nzima hakuna asemaye neno linaloeleweka, mtu wala mnyama, na mtoto wa lugha yoyote anaicheka bila mkalimani. Wewe guna tu, lakini guna kama bwana wako. Sauti ya Bitzer na ya bwana wake zote ni za mwigizaji mmoja, John Sparkes. Wawili hao wamenung'unika kwa koo moja tangu mfululizo wao wa televisheni ulipoanza mwaka 2007. Kwangu mimi, hakuna uamuzi uliowafaa zaidi ya huo. Sikiliza wanavyogombana asubuhi, utasikia ukoo.

Uwe na subira pia. Wahusika wa filamu hii ni vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine, na siku nzima ya kazi huzaa sekunde chache tu. Ukitakiwa kuinua nyusi, usiharakishe.

Mkisharudi nyumbani, bwana akaifuta ratiba ili nyote mpumzike, usimbishie. Vua saa.